Kioo cha Cerro Tuerto

Haya yalimpata dada yangu, Philippa Thorsen, nami nilikuwa hatua tano tu kutoka kwake. Nilikuwa fundi mitambo wa kituo cha darubini cha Cerro Tuerto, huku New Mexico. Yeye alikuwa mkurugenzi. Kabla ya hapo aliongoza kituo kimoja Texas na kingine Chile, na kote alikopita jambo lake la kwanza lilikuwa lile lile: kung'oa mlango wa ofisi yake. Watu walimsifu kwamba hana makuu.

Ilikuwa Jumanne ya Julai, asubuhi, jua kali. Kila baada ya miaka miwili tulishusha kioo kikubwa cha darubini, tukakiosha kwa asidi kutoa alumini ya zamani, tukakiingiza kwenye tangi la chuma, tukanyonya hewa yote na kukipaka alumini upya. Tulikuwa watatu: mimi, Philippa, na Delfina Lucero, mwendesha pampu, mama mwenye maneno.

"Bosi, leo umekuja kutusimamia au umezikimbia barua pepe?"

"Vyote viwili," dada alisema.

Saa sita tangi lilikuwa halina hewa hata ya kumtosha nzi. Tukapaka. Tukazima pampu, tusikilize kama kuna mahali panavuja.

Ndipo kitu kikagonga. Kutoka ndani.

Mara tatu. Kimya. Mara moja.

"Chuma kinapoa hicho," Delfina alisema, lakini kwa kunong'ona.

Mara tatu. Kimya. Mara moja. Safari hii chini, karibu na sakafu. Kama mtu aliyelala.

Philippa hakushtuka. Uso wake haukuonyesha kitu, kama wa mtu aliye kwenye foleni ya benki.

"Ni Benicio," alisema.

"Benicio gani, dada?"

"Tafoya. Msaidizi wangu kule Wyoming, nikiwa na miaka ishirini na sita. Alitoka usiku kuangalia jenereta, akateleza kwenye barafu, akavunjika mguu. Akajikokota hadi mlangoni. Akabisha." Alisema kama anayesoma ripoti. "Nilikuwa napiga picha ya nyota, ya kuchukua muda wa saa nne. Ningefungua, taa ya nje ingeiharibu. Zilibaki dakika arobaini."

"Ulijua kwamba ameumia?" niliuliza.

"Alisema. Nilimsikia akisema. Nilipofungua, alikuwa ameshakufa kwa baridi."

Picha ile ndiyo iliyompa jina. Ndiyo iliyompa Texas, na Chile, na sisi. Aliwaambia polisi kwamba hakusikia kitu.

Mara tatu.

"Dada Pippa," nilinong'ona. "Usifungue."

Alishafika kwenye valvu. Hewa ikaingia ikipiga mluzi. Kugonga kukashika kasi. Kukahamia chini ya kiganja chake, palepale aliposhika mpini.

Akafungua.

Ndani hamkuwa na mtu. Baridi ilitoka, mpaka tukaona pumzi zetu, Julai ile. Philippa alichungulia ndani kwa muda mrefu.

"Nisamehe, Benicio," alisema. Akasubiri. Kisha akanigeukia. "Mchuzi wa pilipili ya kijani umebaki kantini?"

Alikula bakuli zima. Hakulia. Alasiri aliandika barua mbili: moja ya kujiuzulu, nyingine ndefu, ya kuieleza familia ya Tafoya kila kitu. Hawakumjibu. Sasa anaishi Albuquerque. Nikimpigia simu anapokea vizuri tu, kama karani. Nami siku hizi sisikii uchungu wala hofu, nasikia ganzi.

Sisi tulibaki na kioo. Kesho yake Delfina alikikagua kwa tochi, akaniita bila kupaza sauti. Karibu na katikati palikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano vimetanuka. Haikuwa juu ya alumini. Ilikuwa chini yake, upande wa kioo.

Tukakiosha kwa asidi, tukapaka upya. Ikarudi. Miaka miwili baadaye tukaosha tena, ikarudi tena, ila ilikuwa imesogea. Delfina aliipima. Inchi tisa, kuelekea ukingoni.

Tumepaka tena mwezi uliopita. Kufika ukingoni, zimebaki inchi nne.