Mkono Ndani ya Sanduku la Kioo

Wanaosema majini hukaa magofuni na vyooni hawajatembea. Hili ninalowaletea mimi lilikaa kazini, mchana kweupe, na halikuwa na pembe wala kwato. Lilikuwa na mkono tu.

Lilikaa katika ghala lililovisambazia viwanda chumvi za metali. Usilambe midomo, si za mboga. Ni fedha, shaba na zinki zilizogeuzwa chumvi, zikafanywa chembe ndogo hata unga mbele yake ni kokoto. Chembe ikishakuwa ndogo hivyo hubadilika tabia: huelea hewani bila haraka ya kutua, hupenya kitambaa, na ukiivuta huenda mapafuni ikahamia huko na virago vyake. Ndiyo maana hupimwa ndani ya sanduku la kioo lililozibwa, lenye glavu ndefu za mpira zilizoshikizwa ukutani mwake. Unaingiza mikono kutoka nje, unafanya kazi ndani, ngozi yako haionani na poda.

Mpimaji alikuwa mjane waliyemwita Bi Mizani. Wanawe walihamia mbali, na simu zao zilikuwa fupi kama chafya. Wenzake wakienda kula yeye alibaki, maana kukaa mezani peke yake kulimchosha kuliko kazi.

Asubuhi moja, baada ya kuingia mzigo wa msambazaji mpya, alikuta glavu ya kushoto imejisukuma ndani ya sanduku, vidole vimetanuka. Glavu huachwa zikining'inia nje.

"Nani kachezea glavu zangu?"

"Zimekuzoea, Bi Mizani, zimekutangulia kazini," alijibu dereva wa ghala, Domo, mtu asiyejua kunyamaza.

Bi Mizani alicheka. Akaingiza mkono. Glavu ilikuwa na joto.

Mchana, ghala lilipobaki tupu, harufu ya chuma kilicholowa ilitanda pasipo na tone la maji, na akiwa na mkono ndani ya glavu, kutoka upande wa poda vidole visivyoonekana vikashika vyake, kimoja kimoja, bila pupa. Alichomoa mkono akakimbia hadi mlangoni. Akasimama. Halafu, na hapa ndipo wengi huniita mwongo, akarudi. Tangu amzike mumewe, hakuna aliyemshika mkono isipokuwa muuguzi akitafuta mshipa.

Ikawa mazoea. "Umeshindaje, mwenzangu?" alikuwa akinong'ona, na kitu kinamminya kiganja. Alikieleza habari za wanawe, za magoti yake, za usingizi usiokuja. Kiliminya panapostahili kuminywa. Mpaka kilipoanza kuuvuta mkono wake, taratibu, kuelekea komeo la mlango wa sanduku. Hapo akaogopa kweli.

"Domo, kaka yangu, usicheke," alimnong'oneza. "Kinataka nifungue."

"Nani?"

"Kilichomo."

Domo alichungulia kioo, akarudi nyuma hatua mbili. Kesho yake, wenzao walipokwenda kula, alimwingiza shangazi yake kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mganga, mama mnene mwenye miwani, aliyelaza sikio kwenye kioo kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa.

"Limekuja na mzigo," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye uliyeshikwa, mwanangu, wewe ndiye wa kulifukuza. Shika, kisha useme: niache, sikutaki."

"Na nikishindwa?"

"Utalifungulia. Ukilifungulia, litakuingia kwa pumzi, na huko sina dawa."

Bi Mizani akaingiza mkono, na vidole vile vikampokea kama siku zote, vya joto, vya subira, na aliposema, "Niache," vikatetemeka, na aliposema, "Sikutaki," harufu ile ya chuma ikapanda mpaka Domo akaziba pua, poda ikainuka chupani kama moshi ikazunguka ndani ya kioo, sanduku zima likalia kama chungu kinachopata ufa, mkono ule ukambana asipate kupumua, ukambana kama mtu anayeburutwa kutoka kwao, kisha ukaachia, na poda ikashuka, ikatulia, kukawa kimya.

"Limetoka," alisema mganga, akijifuta jasho.

"Shangazi, wewe ni mwisho!" Domo akarukaruka.

Bi Mizani peke yake ndiye aliyehisi ubaridi kwenye ncha ya kidole cha shahada. Glavu ilikuwa imepasuka, tundu la sindano tu. Sheria ya ghala ni moja: glavu ikitoboka unapiga kelele, watu wote wanatoka, sanduku linazibwa na kupelekwa kufukiwa, halirudi tena.

"Kuna kitu, mwanangu?" mganga aliuliza.

Bi Mizani alimtazama Domo, ambaye tayari alikuwa akisimulia. Akatazama meza yake, kiti chake kimoja.

"Hakuna kitu, mama."

Akauchomoa mkono polepole, ncha ya kidole ikiwa na vumbi la poda, akaufikisha puani kama anayejikuna, akavuta pumzi ndefu.

Jioni, kwake, alikaa bila kuwasha redio. Akakohoa kidogo. Ndani ya kifua, nyuma ya mbavu, kitu kikamshika moyo, kikauminya mara moja, kwa upole.

"Karibu," alisema Bi Mizani. "Nilidhani umekasirika."