Posa ya Mtani

Lusia Kalinga alikuwa ameinamia cherehani barazani kwenye duka la vitambaa la Mzee Isihaka, sokoni Iringa, kivuli cha mtu mrefu kilipomwangukia mikononi. Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1953 na soko lilikuwa limefurika. Mgeni alivaa kaptura ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi, na vumbi la barabara ya Mbeya bado lilikuwa kwenye nyusi zake. Alitaka gauni la maua, lenye marinda, na alilitaka kesho kabla ya jua kuzama.

Lusia akauliza vipimo. Yule mtu akaonyesha kwa mikono: kifua hivi, kiuno hivi, na urefu wa kumpita yeye mwenyewe kichwa kizima.

"Mkeo ni mkubwa," alisema Lusia.

"Si mke wangu. Ni bwana wangu."

Akaeleza taratibu. Yeye ni Tadeo, dereva wa Bwana Mosbi, Mwingereza aliyepima barabara huko Mbeya na ambaye jioni, kwenye vilabu vya wazungu, aliigiza vichekesho akiwa amevaa kama bibi kizee. Kesho wangeigiza hapa Iringa, na gauni lilikuwa limesahaulika Mbeya. Tadeo akaonyesha jinsi bwana wake anavyotembea ndani ya gauni, na wauza nyanya wakaacha nyanya zao kuja kutazama.

Kisha akamuuliza kabila. Aliposikia ni Mhehe, Tadeo, ambaye ni Mngoni wa Songea, alirudi nyuma hatua mbili, akasema heri akamfunge mbwa wake kabla Wahehe hawajamgeuza kitoweo. Lusia akamjibu kwamba tangu babu yake awaonyeshe Wangoni mkuki, hawajaacha kukimbia, na huyu mbele yake alikuwa bado anahema. Wahehe na Wangoni hawakasirikiani. Vita vya mababu vimebaki maneno ya kuchekea. Kwa hiyo kesho yake, Tadeo alipochukua gauni na kusema atarudi kumteka Lusia amuoe, baraza zima lilicheka, na Lusia alicheka kuliko wote.

Kwa miaka miwili alilisema hilo kila alipopita. "Mateka wangu, umefunga mizigo?" Naye Lusia alimjibu kuwa anasubiri kamba. Mara nyingine alipiga simu ya dukani kutoka Mbeya, na Mzee Isihaka alimpa Lusia mkono wa simu, kisha akasimama palepale akijifanya anapanga vitambaa. Siku Tadeo alipotarajiwa, Lusia alivaa gauni lake la buluu lenye kola nyeupe. Lakini neno la mtani ni kama mtungi usio na kitako: hujui ukiutua utasimama au utalala. Lusia hakuwahi kuutua.

Mwaka 1955 Bwana Mosbi aliacha kupima barabara, akarudi London kutafuta kazi ya kuchekesha kwenye televisheni. Tadeo alimweleza Lusia kwenye simu kwamba ni redio yenye picha, na kwamba bwana wake anamtaka waende wote, aigize mtumishi. Halafu sauti yake ikashuka.

"Lusia, nataka kuleta posa kwa baba yako."

"Mpe mbwa wako ailete."

Mzee Isihaka alicheka mpaka kitambaa kikamponyoka. "Haya," alisema Tadeo.

Posa ilifika kwa barua kutoka London, kwa mwandiko uliopangwa vizuri. Mzee Kalinga, baba yake Lusia, aliisoma kwa sauti mbele ya wageni, wakacheka wakishika mbavu, wakasema Mngoni huyu ni mtani hasa, kavuka bahari na bado anatania. Akaigongomea ukutani kwa msumari. Jibu alilitamka mwenyewe: binti atatolewa siku Mngoni atakapoleta simba jike mwenye maziwa, pamoja na maji ya mto Ruvuma yaliyochotwa kwa wavu. Lusia ndiye aliyeandika. Hakuongeza neno lake hata moja.

Baada ya hapo ilikuja barua moja tu, kwake mwenyewe, isiyo na utani ndani yake. Tadeo aliandika kwamba siku nne kwa wiki wanafanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa, sakafu imechorwa chaki kuonyesha mahali pa milango. Ijumaa wanaigiza mbele ya kamera, na hakuna kurudia, kwa sababu watu wanaona wakati huohuo majumbani mwao. Kazi yake ni kuingia na sinia la chai na kuanguka. Anaanguka kila Ijumaa. Watu wanamtambua ndani ya basi na kumwomba aanguke. Bwana Mosbi sasa ni maarufu, lakini kila mtu anamtaka bibi kizee tu. Akiomba sehemu nyingine, hawamjibu. Gauni bado ni lile la Lusia. "Zamani nilisikia wakicheka," alimalizia. "Siku hizi naona midomo tu."

Lusia aliisoma mara mbili, akaikunja, akaendelea kushona. Hakulia. Ndani yake palikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, unaubeba, lakini si wako.

Baba yake alifariki mwaka 1958, alfajiri ya Jumanne. Hapo pia hakulia. Alipika uji wa wafiwa, akatandika mikeka. Shangazi yake akasema msiba umepoa mno, hauna mtani. Mzee Isihaka akakohoa, akasema kuwa kile kipindi cha Bwana Mosbi kilimalizika, na kwa kuwa London hakuna aliyemwita tena, Tadeo amerudi, anaendesha lori la kwenda Makongolosi, na hupokea salamu dukani kwa Zubery, Mwanjelwa, kulekule Mbeya.

Lusia alipiga simu mwenyewe. Zubery akamwita Tadeo, na ikachukua muda kabla hajafika.

"Baba amefariki," alisema Lusia. "Tunazika kesho. Njoo ututanie."

"Nitakuja," alisema Tadeo.

Alifika asubuhi, amevaa koti jeusi la Ulaya, mabega yamemshuka. Habari ilikuwa imeenea kwamba anakuja mtani aliyechekesha Uingereza nzima, na waombolezaji walisogea wamwone. Wote walijua atakachofanya, kama watani wafanyavyo msibani: ataruka kaburini, alale chali, agome kutoka mpaka apewe kuku. Tadeo alivua koti, akachukua jembe, akaingia kaburini, akachimba. Alichimba bila kusema kitu mpaka shati likashikana na mgongo.

Shangazi hakuvumilia. "Mtani, Mhehe huyo amelala. Mbona humchokozi?"

Tadeo aliegemea jembe. "Tafuteni mtani mwingine, mama. Mimi nilileta posa katika nyumba hii. Baba mkwe hataniwi."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alitazama mlango wa nyumba, ambamo ile barua ya posa ilikuwa bado ukutani, imegeuka manjano. Kisha akashusha khanga usoni.

Baada ya maziko Lusia alichukua bakuli na jagi, akaenda nyuma ya nyumba alikokaa Tadeo, akammiminia maji mikononi. Udongo mwekundu ulitoka polepole.

"Lile jibu niliandika mimi," alisema.

"Najua. Niliufahamu mwandiko."

"Sikujua kama ulikuwa unasema kweli."

"Kila mara."

"Hata ile mara ya kwanza, ulipochukua gauni?"

Tadeo alifikiri. "Siku ile nilikuwa natania."

Kitu kikasogea kifuani mwa Lusia, kikiuma kama mguu unaoanza kurudiwa na damu. Kicheko kilimtoka kidogo, na nyuma yake yakaja machozi, ya baba na ya miaka yote mitatu. Hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilishika jagi.

"Simba bado sijampata," alisema Tadeo.

"Tafuta taratibu," alisema Lusia, akamwongezea maji.