Seremala Asiyependa Kulalamika

Seremala alikuwa akipiga msasa mlango wa kabati kifua kilipomshika. Aliketi kwenye benchi, mabega yakipanda na kushuka, akatoa mfukoni pampu mpya ya pumu aliyopewa kliniki. Akavuta. Akasubiri. Akavuta tena. Kifua kiliendelea kupiga mluzi.

Mkewe, aliyekuwa akishona mito ya viti chumba cha pili, alikuja mbio.

"Pampu yako ya haraka, ile ya zamani, iko wapi?"

"Ndani... sandukuni. Hii mpya... inafanya kazi... siku nzima."

"Siku nzima ya kesho, labda!"

Akaileta. Seremala alivuta dawa ya zamani, na baada ya dakika chache akaweza kumaliza sentensi. Sentensi yenyewe ilikuwa: "Usimwambie muuguzi."

"Kwa nini?"

"Ni mtu wa heshima. Amenipokea vizuri, ameniingiza kwenye majaribio ya dawa yao. Kila nikienda ananiuliza hali, namjibu sijambo. Leo nimpelekee lawama? Wewe ukikaribishwa chakula, unamwambia mwenyeji hakikuiva?"

"Haya. Siku tukikuzika, nitamwambia kwamba marehemu hakuwa na neno."

Seremala alirudi kwenye msasa. Kwa mara ya kwanza alijiuliza ni nani hasa aliyefaidika na adabu yake.

Kesho yake walifuatana kliniki.

"Habari za kifua, baba?" muuguzi aliuliza.

"Nzu..." Kiwiko cha mkewe kilimfikia ubavuni. "Jana kilinibana. Wiki iliyopita pia. Na zile pampu zangu mbili niliziacha siku mliponipa hii."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Zote mbili?"

"Nilidhani hii mpya imezirithi."

"Hazijafa, baba, zirithiwe. Tulikwambia uendelee nazo, ukaitikia. Sasa nisikilize. Dawa tunayoijaribu inalegeza misuli inayobana njia za hewa, na imekusudiwa ikae mwilini muda mrefu. Haikukusudiwa kumwokoa mtu aliyekwisha kubanwa. Kazi hiyo ni ya pampu ya haraka, na hiyo hutoki nyumbani bila kuwa nayo. Ile ya pili inatuliza uvimbe ndani ya njia za hewa. Mwenye pumu akiiacha, akabaki na ya kulegeza tu, anaweza kujiona mzima huku uvimbe ukizidi chini kwa chini. Watu hufa hivyo."

Seremala alifikiri. "Kama gundi ya mbao. Inashika muda mrefu, lakini ukifungua mapema jiliwa linalobana mbao, kiti kinakuangusha."

"Mambo ya gundi siyajui. Ukielewa hivyo, sikatai."

"Na dawa yenyewe ni nzuri?" mke aliuliza.

"Sijui, mama."

"Muuguzi mzima hujui?"

"Hakuna anayejua. Tungejua, tusingeijaribu. Hata sijui kama mumeo alipewa dawa mpya au ile tunayoilinganisha nayo. Nimefichwa makusudi, nisije nikaona ninachopenda kuona. Kwa hiyo tunategemea maneno yenu. Wagonjwa wote wakiniambia hawajambo kwa adabu tu, dawa mbovu itapita. Itawafikia watu wengi, nao wataamini kwamba tuliipima."

Seremala aliinamisha kichwa. "Basi nimewaharibia."

"Umetuchelewesha. Kama ungeendelea kunyamaza, ungetuharibia."

"Na nikitaka kujitoa?"

"Siku yoyote. Huombi ruhusa, na matibabu yako ya kawaida hayakatwi."

Hakuhitaji kujitoa. Daktari alimpima, akaona kifua hakijatulia, akamtoa kwenye majaribio siku ileile. Kubanwa kwake kuliandikwa pamoja na taarifa za wagonjwa wengine. Alirudishiwa dawa zake mbili: moja ya kila siku, hata akijisikia mzima, na nyingine ya haraka, ya kukaa mfukoni. Muuguzi alimtaka pia afunike pua na mdomo kwa kitambaa anapopiga msasa, na anyunyize maji kabla ya kufagia vumbi la mbao. Seremala alilalamika kwamba kitambaa kinamtia joto. Mkewe alifurahi kumsikia analalamika.

Baada ya majuma kadhaa, seremala aliweza kupiga randa ubao mzima bila kuketi. Dawa ile bado inajaribiwa. Huenda ikafaa, huenda isifae. Wenye kujaribu watasema wakishapata hakika. Seremala, kwa upande wake, hakulazimika kusubiri jibu ndipo apumue.