Hoja ya Kisima

Stendi ya Bariadi, jua la mchana likiwaka, Mektilda alimkanyaga Maganga kiatu. Badala ya kuomba radhi akauliza, "Kwani humu ndani kuna mguu?"

"Upo, dada, na una mwenyewe. Hajaoa."

Mektilda alikuwa afisa miradi aliyehamishiwa hapa kutoka Moshi: gauni la kitenge cha njano, miwani kichwani. Maganga alikuwa mchimba visima, ovaroli yake ina matope mpaka kolani. Kumbe ndiye aliyepewa kazi ya kuchimba kisima cha mradi wake, kwenye kitongoji kimoja nje ya Sapiwi. Haikupita muda wakawa wanaitana "beibi" mbele ya mama ntilie bila aibu. Mpango ulieleweka: kisima kikiisha na malipo yakitoka, Maganga anapeleka posa.

Wakaenda kukagua eneo. Milango ya nyumba ilikuwa wazi, viwanja vimefagiliwa, alama za ufagio bado mbichi. Hapakuwa na kuku, mtoto wala moshi. Walipompigia simu mwenyekiti wa kijiji, akacheka. Watu wote walishahamia barabarani, kwenye bomba. Kule yamebaki makaburi.

"Sasa nani anafagia?" Mektilda akauliza.

Simu ikakatika.

Njiani kurudi, Mektilda akasema, "Naandika mradi ufungwe. Kila hatua tunairudia hoja: unamsaidia nani, unagharimu nini, faida iko wapi. Hoja ikifa, mradi nao unakufa, hata kama mtambo umeshafika."

"Na posa yangu?"

"Maganga, siwezi kuwachimbia watu ambao hawapo."

"Sema tu umepata hoja ya kuniacha."

Maganga akanuna, na kwa siku kadhaa hakupokea simu za Mektilda. Alasiri moja akapanda pikipiki, akarudi kitongojini peke yake, ahakikishe watu wapo. Safari hii yeye ndiye aliyepiga.

"Beibi, wapo! Wanacheka, ndoo zinagongana!"

"Unawaona?"

"Naona nyasi zinalala, kama mtu anapita."

"Basi waulize, bwana mchimbaji. Hoja haiandikwi bila kuwauliza wahusika." Mektilda alikuwa anatania.

Maganga akajikohoza, akatoa salamu ya Kisukuma. "Mwadila, mayu! Mnataka kisima?"

Upepo ukasimama. Sauti ya bibi ikajibu kwa Kisukuma, taratibu, karibu mno na simu sikioni mwa Maganga: sisi hatuna kiu, baba, wachimbie walio hai.

Mektilda hajui Kisukuma. Siku hiyo alielewa kila neno.

"Funga mradi," Maganga akasema. "Kisima nilikuwa nakitaka mimi, kwa ajili ya harusi yangu. Nisamehe. Posa nitaitafutia kazi nyingine, hata ya kubeba pamba Kasoli. Mektilda, nikuoe?"

Kabla Mektilda hajafungua mdomo, sauti ile ile ikaingia kwenye simu, sasa kwa Kiswahili safi: "Mkubalie, mwanangu."

"Nimekubali!" Mektilda akapiga kelele. "Nimekubali, mpenzi, usigeuke nyuma! Washa pikipiki uje!"

Injini ikanguruma. Kisha Maganga akanong'ona:

"Nimewasha, beibi. Ila mbona nyuma kumekuwa kuzito?"