Ndoo ya Nyumba ya Mtu Mmoja

Joto la mwaka ule lilishuka juu ya Kotor, mji wetu wa ghubani, kama kifuniko juu ya sufuria. Juni ilikuwa bado changa, lakini duka la vyombo vya umeme kando ya kituo cha mabasi lilifurika. Kila mtu alitaka kiyoyozi. Aliyekosa kiyoyozi alitaka feni, na aliyekosa feni alifungua friji za dukani akajifanya anakagua rafu.

Mashine ya kukausha unyevu ilibaki moja tu, nyeupe, imejikunyata pembeni kama mbuzi mchanga. Jelka alishika mpini wake. Hapohapo mkono mwingine, mpana, wenye kovu la kuungua, ukashika mpini uleule.

"Samahani, kaka, nimeiona mimi kwanza."

"Mimi nimeiagiza tangu Jumatatu, dada. Muulize muuzaji."

"Nimemuuliza. Anasema hajui lolote."

"Kwa joto hili hata jina lake halijui."

Jelka alikuwa na miaka thelathini na tisa, mwalimu wa filimbi katika shule ya muziki. Alivaa gauni la kitani la kijani lisilo na mikono, nywele amezibana juu kwa penseli. Yule bwana aliitwa Vicko, fundi wa viyoyozi, mwenye shati la buluu na bisibisi mbili mfukoni. Alinusa hewa kidogo, akatabasamu.

"Unakaa mji wa ndani ya ukuta," akasema. "Chumba cha kulala kinatazama mlima, jua halifiki. Na kabati la nguo umelibandika ukutani."

"Wewe unanifuatilia?"

"Gauni lako limesema. Linanukia lavenda juu, na chini yake kuvu."

Uso wa Jelka ukawaka. "Na wewe unanuka ujeuri, juu na chini!"

Watu wakacheka. Vicko akaachia mpini.

"Chukua, dada. Mteja wangu atasubiri. Ila nitakuja kukuonyesha pa kuiweka, bure, iwe faini ya mdomo wangu."

Akaja kesho yake. Nyumba ilikuwa ya mawe, ya marehemu baba yake Jelka, baharia aliyezikwa miaka mitatu nyuma. Mama alikuwa ametangulia zamani, na dada mtu, Ane, aliolewa Trieste, Italia. Jelka alibaki na vyumba vitatu, kahawa ya kikombe kimoja, na ukimya uliomkaa mabegani kama koti lililoloa.

Vicko akaweka kipima unyevu mezani, akangoja. Asilimia themanini na nne.

"Bibi wee, hapa unaishi au unaogelea?"

Akavuta kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa kuvu, madoa yameungana kama visiwa. Jelka akageuka pembeni kwa aibu.

"Usione haya. Kila nyumba ya Kotor ina madoa yake. Acha vidole vinne kati ya kabati na ukuta, mawe yapate hewa. Mashine ikiwaka, funga madirisha, la sivyo utakuwa unakausha ghuba nzima. Na usiishushe chini ya hamsini, filimbi yako ya mbao itapasuka."

"Umejuaje kama ni ya mbao?"

"Nilikaa ngazini nikasikiliza kabla ya kugonga," akasema, na sasa akawa yeye wa kuona haya.

Wiki tatu baadaye, kuta zilipokuwa zimekauka, alirudi kukagua. Akavuta ndoo ya mashine, akaitazama.

"Unaishi peke yako kabisa. Hata mgeni huna."

"Majirani wamekwambia?"

"Ndoo imeniambia. Mtu akipumua, akipika, akianika shati, yote yanaishia humu. Nyumba ya watu wanne hujaza ndoo mara mbili kwa siku. Yako imefika nusu."

Jelka akayatazama yale maji. Alijua yuko peke yake, nani asiyejua? Lakini hakuwahi kuuona upweke wake umepimwa kwa lita.

"Basi kaa unywe kahawa," akasema, "uongeze hata tone."

Mapenzi yakaanzia hapo. Vicko alikuwa na miaka arobaini na minne, anaishi Dobrota, kijiji cha jirani, na mama yake mzee, na aliona haya kumtembelea mwanamke kila siku. Kwa hiyo wakawa watu wa simu. Jelka alipenda vitendawili, kama mimi, wajukuu zangu, ninavyovipenda.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nampa pumzi yangu, ananirudishia sauti."

"Kiyoyozi?"

"Kiyoyozi chako kina sauti gani, baba? Ile ya kukoroma?"

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Perast."

"Nimekwenda Perast, nimekula samaki, nimerudi. Ni filimbi, mpenzi."

Kufika katikati ya Julai Vicko alikuwa ameshagawa Perast, Risan, Prcanj na Dobrota yenyewe. Ghuba nzima ilikuwa ya Jelka, na bado jioni alikula peke yake akitazama simu.

Joto lilipozidi akataka kiyoyozi. Hapo ndipo kidonda kilipoanzia. Sisi wa ghuba hii tumelelewa na hofu moja: promaja, ule upepo unaoingia dirishani na kutokea mlangoni. Unapinda shingo, unaharibu figo, unaua watoto wachanga na kuvunja uchumba. Basi laweza kuwa tanuri, lakini ole wake afunguaye madirisha mawili! Vicko, na ufundi wake wote, aliiogopa promaja kuliko sisi. Alifunga viyoyozi nyumba za watu, na kwa mama yake hakuna hata kimoja.

"Nakifunga juu ya mlango wa ukumbini," akasema. "Kipulize pembeni. Kwenye rimoti nitachagua alama ya tone la maji, hapo kinakausha hewa bila kukupiga baridi."

"Ukumbini nitalala mimi? Nakitaka hapa, kinitazame kitandani. Nimechoka kulala kwenye shuka mbichi."

"Kitakupiga usoni, Jelka."

"Hata kikinipiga busu. Kifunge, bwana."

Akakifunga. Alijua si mahali pake, lakini mtu akipenda hushindwa kubishana.

Asubuhi moja ya Agosti Jelka aliamka, akanywa kahawa, kahawa ikamwagika kidevuni. Akaenda kwenye kioo. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelala. Jicho halifumbiki, mdomo umeinama. Akachukua filimbi, akaipa pumzi yake yote. Haikumrudishia sauti.

Daktari wa zahanati alimkagua, akamwandikia vidonge. "Neva ya uso imevimba. Mara nyingi ni kirusi. Wengi hupona kwa miezi michache. Pumzika, na hilo jicho ulifunike usiku."

Lakini habari haikungoja daktari amalize. Jirani yake Bi Luce, mwenye moyo mwema na sauti ya kengele ya kanisa, alikutana na Vicko sokoni chini ya ukuta wa mji, kapu la tini mkononi.

"Wewe mtu! Mashine yako imempinda uso mtoto wa watu!"

"Nani, Bi Luce?"

"Jelka! Umemwelekezea promaja kitandani kama bunduki! Mdomo uko huku, jicho liko kule!"

Vicko akatoa simu palepale. Alipiga simu mara tisa siku ile. Jelka aliitazama simu ikitetemeka mezani. Alikuwa amejaribu mbele ya kioo kulitamka jina la Vicko, lakini mdomo wa chini ulikataa kuyagusa meno ya juu, likatoka jina lililochechemea. Angemwambia nini, na kwa sauti gani? Hakupokea.

Jioni Vicko akafika hadi mlangoni. Bi Luce akachungulia dirishani kwake.

"Nenda zako, mwanangu. Amesema hataki mtu."

"Hata mimi?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Hilo la mwisho Bi Luce aliliongeza mwenyewe, akidhani anamlinda jirani. Vicko akashuka ngazi, hakupiga simu tena. Na simu ilipokaa kimya siku ya tatu, Jelka akasema moyoni: amesikia habari za uso wangu, amekimbia.

Kwa hiyo mmoja alikaa na hatia, mwingine na aibu, na kati yao mwendo wa robo saa kwa miguu.

Jelka akazima kiyoyozi. Hakukilaumu, alishindwa tu kuvumilia kitu kinachopumua chumbani huku aliyekifunga hayupo. Shule ikatafuta mwalimu wa muda. Akawa anatoka kununua mkate mapema, amejifunga kitambaa cha hariri shavuni. Ndoo akaacha kuimwaga. Ilipojaa, mashine ikajizima yenyewe, ikabaki na kijitaa chekundu kikimtazama gizani. Oktoba ikaja na mvua za kusini, kuta zikaanza kutoa jasho, na ile harufu ya zamani ikarudi kabatini, ikajilaza kwenye gauni la kijani.

Ane akapiga kutoka Trieste. "Funga hiyo nyumba, mdogo wangu, uje huku. Utaozea humo na mawe ya baba."

"Naona nije," akasema Jelka. Midomo ilikuwa inaanza kumtii. "Jumamosi nachukua basi."

Alipokata simu, akasimama mbele ya kioo. "Vicko," akasema. Lilitoka vizuri, limeinama kidogo tu. Akalia. Kisha akaandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena:

"Kitendawili. Mgeni wangu ameshiba maji, jicho lake jekundu, kazi hafanyi. Jumamosi nahama. Njoo umhudumie kabla sijafunga nyumba."

Vicko alifika Alhamisi alasiri, mvua inamwagika mlimani. Hakuwa na mwavuli. Aliingia na mkoba wa vyombo, maji yakimchuruzika shingoni, akaenda moja kwa moja kwenye mashine bila kuinua macho. Akamwaga ndoo, akaosha kichujio, akafuta utelezi. Jelka alisimama kando ya dirisha, kitambaa shavuni.

"Uliacha kuitumia," akasema Vicko.

"Nilichoka kuimwaga."

"Na kiyoyozi pia. Mpira wake wa kutolea maji nje umekuwa mkavu tangu Agosti."

"Umeuonaje?"

"Napita hapo chini."

"Lini?"

"Kila siku. Nasikiliza kama utapiga filimbi."

"Unapita kila siku na hupandi!"

"Ulisema hutaki mtu, na mimi wa kwanza."

"Nilisema sitaki kuonekana, Vicko! Wewe sikukutaja hata jina. Sikuweza kulitaja."

Vicko akaweka bisibisi chini. "Ni mimi niliyekufanya hivyo. Nilijua pale si mahali pa kukifunga. Nikakubali kwa sababu nilitaka ufurahi."

Jelka akamtazama kama mtu aliyesomewa barua ya mwenzake. "Kwa hiyo hukuukimbia uso wangu?"

"Uso gani?"

Akavuta kitambaa. "Huu."

Vicko akautazama kwa muda, bila haraka, kama anavyosoma kipimo chake. "Upande mmoja umenikasirikia," akasema, "upande mwingine bado unanicheka. Afadhali. Wengine hukasirika pande zote."

Jelka akacheka, nusu ya mdomo ikachelewa kidogo. "Daktari amesema ni kirusi. Siyo upepo, siyo mashine, siyo wewe."

"Daktari amezaliwa Podgorica, huko bara. Anajua nini kuhusu promaja?"

"Vicko!"

"Ngoja."

Akafungua dirisha la mlimani hadi mwisho. Akaenda akafungua mlango wa ngazini. Upepo wa kusini ukapita katikati ya nyumba kama treni, karatasi za muziki zikaruka, pazia likapanda juu. Akavuta kiti, akakiweka katikati kabisa, akaketi na nywele zake zilizoloa.

"Una wazimu? Umelowa mpaka mgongo!"

"Kama promaja ndiyo iliyokupinda, inipinde na mimi tufanane. Kama siyo, basi sina hatia. Vyovyote, siondoki hapa."

Kutoka chini Bi Luce akapaza sauti: "Fungeni huko juu! Mnataka kuua mtu?"

Jelka alikunja mikono. Alisoma shule, alimwamini daktari, aliyajua maelezo ya ile neva neno kwa neno. Akajiambia upepo ni upepo tu, haumdhuru mtu. Akasimama imara hivyo, kwa muda wa kahawa kuchemka.

Vicko akapiga chafya.

Jelka akaruka. Akalifunga dirisha kwa mikono yote miwili, akausukuma mlango kwa kisigino, akaleta taulo, akaanza kumsugua kichwa kwa hasira kama anasugua sufuria.

Wajukuu zangu, mwanamke wa kwetu hafungi dirisha kwa ajili ya mtu asiyemtaka. Vicko alilijua hilo.

"Na Jumamosi?" akauliza kutoka ndani ya taulo.

"Nikienda, nani atakufungia madirisha?"

"Basi nikuoe niyafunge mwenyewe, humuhumu ndani."

"Huo ndio uchumba wako? Hata mji hunipi?"

"Nimekwisha, Jelka. Ghuba yote unayo. Nimebaki na mimi."

Simu ililia, alikuwa Ane. "Sitakuja," Jelka akamwambia. "Kuna nini?" "Kuna upepo," akasema, akakata.

Walifunga ndoa Novemba, kanisa nusu tupu. Mama mzee wa Vicko alikaa mbali na mlango. Uso wa Jelka haukurudi wote. Filimbi yake hadi leo ina sauti moja inayoinama, na wapo jioni ambazo huipiga peke yake, mlango umefungwa, na Vicko hukaa ngazini asimsumbue. Kiyoyozi kilihamishiwa juu ya mlango wa ukumbini.

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mwezi wa Desemba, Jelka aliamka mapema, akaona taa nyekundu ya mashine. Mvua ilikuwa imekatika wiki nzima na kuta zilikuwa kavu kabisa, lakini alipovuta ndoo, ilikuwa imejaa pomoni. Alisimama nayo mikononi kwa muda mrefu, akiona haya kuimwaga.

Haya, kitendawili chenu ni hiki: nyumba ni ileile, ndoo ni ileile, mvua haijanyesha. Maji yametoka wapi?