Honda Isiyo Honda

Ridha hakuwa na pikipiki. Hakuwa na kazi nyengine, hakuwa na shati la kutokea ambalo halikuchanika siku ya ajali, hakuwa na ndugu wa kumsemea ukweni. Na asubuhi ile, nyumbani kwake Jadida, mjini Wete, hakuwa na pa kukimbilia. Mkewe Zulekha alisimama mbele yake, ameshika simu ya Ridha, anamsomea ujumbe kama kadhi asomaye hukumu.

"'Kaka Ridha, jana nimekusubiri mpaka saa nane. Mbona unanikimbia? Njoo Gombani tumalize. Asya.'"

Akaiweka simu mezani.

"Huyo Asya ni nani, Babake Nahla?"

Ridha alitazama vidole vya miguu yake.

"Si mtu."

"Si mtu? Jini basi, linaandika meseji?"

"Punguza sauti. Majirani wasikia."

"Na wasikie! Nimeuza bangili za mahari yangu, ukanunua pikipiki. Ikavunjwa na gari la ng'ombe kule Gando, nikasema alhamdulillahi, mume mzima, na bima kubwa tumekata. Kila siku waniambia watalipa, watalipa. Kumbe wenda Gombani kwa Asya! Kaka Nassor nishampigia. Aja kunichukua."

Neno hilo la mwisho lilimpata Ridha pabaya. Aliketi.

"Asya ni karani wa bima," alisema. "Wamenikatalia, Zulekha. Tangu Mfungo Mosi, mara baada ya Idi."

"Wamekataa? Na huyo karani akungojea nini?"

"Ataka niandike rufaa. Nafika mpaka mlangoni pa ofisi, nikiwaona wale vijana wa tai, nageuza."

"Wamekataa kwa nini?"

Sauti yake ilishuka hata mkewe akalazimika kuinama.

"Fomu niliijaza mwenyewe. Asya alitaka kunisaidia, nikamwambia n'na mkono wangu. Wameuliza ni pikipiki gani iliyopata ajali. Nikaandika Honda."

"Sasa? Si honda?"

"Ni TVS! Iliyokatiwa bima ni TVS. Wao wasema Honda hawaijui, nimewaletea chombo chengine ili niwaibie."

Zulekha alijiziba mdomo, lakini kicheko kikamtoka bila ruhusa.

"Pemba nzima nani asemaye TVS? Bibi yangu huita honda hata ile ya magurudumu matatu inayobeba mchanga!"

"Cheka. Ndiyo maana sikukwambia. Umeuza dhahabu yako, mimi nimeizika kwa neno moja. Ningekutazama vipi?"

Kicheko kilikatika. Sasa aibu ilihamia kwa Zulekha. Mama yake alikwishaambiwa kwamba Ridha ana mwanamke Gombani. Shangazi zake pia. Na jirani wa mbele, ambaye kumwambia yeye ni sawa na kutangaza msikitini.

Simu yake ikalia.

"Niko njiani," alisema Nassor. "Funga nguo zako."

"Kaka, usije kunichukua."

"Na huyo mwanamke?"

"Hapana mwanamke. Nimemsingizia mume wangu. Wazee n'tawaomba radhi mwenyewe."

"Wee Zulekha! Nishafunga duka!"

"Basi lifungue, uje na bahasha kubwa."

Walipokwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa wao, kuomba barua ya ushahidi, Ridha alisita njiani.

"Mtaa mzima utajua."

"Mtaa mzima wenyewe wasema honda. Twende."

Mzee Kificho, sheha, aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Sijafahamu bado. Kwani yako haikuwa honda?"

Kwa mara ya kwanza tangu ajali, Ridha alicheka. Sheha naye alipofahamu, aliandika kwamba katika shehia yake pikipiki yoyote, ya kampuni yoyote, huitwa honda, akagonga muhuri kwa nguvu kama mtu aliyetukanwa.

Barua ya kukataliwa ilikuwa na aya ya mwisho ambayo Ridha hakuwahi kuifikia, maana macho yake yalikuwa yakikwama kwenye neno "udanganyifu". Waliporudi nyumbani, Zulekha alimsomea: sheria ya bima inampa mteja haki ya kupinga, kwanza kwa kampuni yenyewe, kisha kwa msuluhishi wa bima.

"Shika kalamu," alisema.

"Andika wewe. Mwandiko wako mzuri."

"Mkono si unao? Andika."

Akaandika. *Mimi ndiye niliyekosea neno. Sikudanganya. Namba ya chesisi ni moja kwenye kadi, kwenye bima na kwenye ripoti ya polisi. Naomba shauri langu litazamwe upya.* Akatia saini, akafunika kalamu.

"Bado," alisema Zulekha. "Tia na jina langu."

"La nini? Kosa langu hili."

"Bangili zilikuwa zangu. Na mimi nimekuvunjia heshima kwa watu. Tia."

Jina la Zulekha likakaa chini ya lake. Nassor, aliyekuwa amefika na kusimama mlangoni hajui aangalie wapi, alitoa bahasha kwapani.

"Shemeji," alisema, "unisamehe. Nilikuja na hasira zangu."

"Umekuja na bahasha," Ridha alimjibu. "Yatosha."

Akatia barua ya rufaa, ya sheha, na kivuli cha kadi. Akapaka gundi. Zulekha akakandamiza kwa kiganja, Ridha akaweka chake juu yake, wakakaa hivyo muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji. Kisha wakaenda pamoja posta ya Wete, wakaituma Gombani kwa rejista.