Kiuliza wa Wodi ya Wazee

Nikutegee kitendawili, mjukuu wangu: kijito chatoka kwangu, sikisikii kikitoka, kinajaza mfuko nisioushona. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni mpira wa mkojo.

Katika Dodoma ya zama zile za magari yasiyo na dereva, hospitali moja ya wazee ilikuwa na roboti aliyeitwa Kiuliza. Kila asubuhi alipita kitanda hadi kitanda, akamulika tumbo la mgonjwa kwa mwanga wake, akakiona kibofu kama wewe unavyoona maji ndani ya chupa. Kisha akauliza, "Mpira huu bado una kazi gani?" Kama mkojo haukuzibwa, wala hapakuwa na jeraha la kulinda, aliutoa palepale na kumshika mgonjwa mkono hadi chooni. Maana mpira ukikaa bure huleta vijidudu, tena humfunga mtu kitandani mpaka miguu inasahau kazi yake.

Wodi nzima ikabaki haina mpira, isipokuwa Mzee Chilewa. Yeye aliwekewa siku alipoletwa na homa ya mapafu, hajitambui. Homa ikapona. Sasa alitaka kitu kimoja tu, arudi kwake Mvumi kwa miguu yake mwenyewe. Lakini mpira ulibaki, kwa kuwa Kiuliza hakuruhusiwa kuutoa mgonjwa akikataa.

"Shikamoo baba. Mpira huu hauna kazi tena. Niutoe, nikushike twende chooni?"

"Uache."

"Kwa nini, baba?"

Mzee akageukia ukutani.

Ikawa hivyo kila kukicha. Sista Perusi, muuguzi wa wodi, akamtania, "Babu wee, au umeuoa huo mpira?" Wenzake vitandani wakacheka mpaka wakakohoa. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Alikula, akalala, akautazama mfuko ukijaa kama mtu anayetazama mvua inayonyesha kwa jirani.

Ikaja homa nyingine, hii ya mkojo. Ikamlaza sana. Alipopata nafuu, Sista Perusi alimsimamisha, magoti yakakunjika kama kitambaa. Daktari akasema taratibu kwamba kutembea tena itakuwa bahati. Atahamishiwa wodi ya wasioinuka.

"Sawa," akasema mzee, kama aliyeambiwa chai imeisha.

Mwanawe Hezroni, mtoto wa mjini, akaja mbio.

"Baba, ulimkatalia Kiuliza? Na mimi nilivyohangaika! Waliponiambia familia inaruhusiwa kumchagulia mgonjwa sauti ya roboti, nikasema baba asione ugeni, asikie sauti ya nyumbani. Nikawapa ya Nyemo, mke wangu. Si unampenda Nyemo?"

Sista Perusi akaacha kukunja shuka.

Kiuliza akasogea kitandani, na sauti ile laini ikauliza tena, "Kwa nini hukutaka niutoe, baba?"

Mzee Chilewa hakuitazama mashine. Alimtazama mwanawe.

"Mwambie atoke kwanza."

Kiuliza akatoka. Mlango ukajifunga wenyewe. Mzee akavuta shuka hadi kifuani.

"Hezroni," akasema, "wewe ulitaka mimi nivuliwe nguo na mkwe wangu?"